Historia Fupi ya Samaki wa Saruji

Watu wengi wana kipaji na akili ya kukitumia. Mimi nilipewa kipaji tu. Kipaji chenyewe ni kusema. Hapa Nachingwea ukiwa na harusi, ukimtoa mwali, ukimuaga mtumishi anayehamishwa, utanikuta nimeshika kipaza sauti, nimevaa suti yangu ya kijivu, nakohoa kidogo kabla ya kuanza. Kikohozi hicho si ugonjwa. Nilikiona kwa mtu mkubwa mmoja kwenye televisheni, nikakipenda, nikakiazima, na sasa kimenizoea mpaka nakohoa hata kabla ya kuagiza chai. Mke wangu, ambaye ni mtu wa Ruangwa na hana huruma, akinisikia nakohoa nyumbani huuliza bwana harusi amekaa wapi.

Nayasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyejitwisha kazi ya kuandika historia ya chemchemi yetu.

Chemchemi ninayoizungumzia haikutoka ardhini. Ni ya kujengwa, ya kurusha maji juu kwa bomba, na ipo katikati ya uwanja wa zamani mbele ya soko. Ni duara kubwa la zege lililozungukwa na ngazi, na katikati yake samaki wa saruji amesimama kwa mkia, mdomo juu, anasubiri maji. Mdomo wenyewe umemeguka upande mmoja. Wapo wanaosema ni kambale, wapo wanaosema ni pomboo, na fundi baiskeli wa pale pembeni anashikilia kuwa ni mamba aliyemshinda mjenzi. Tangu nipate akili zangu sikuwahi kuona hata tone likimtoka. Nilichoona ni maji ya mvua yaliyotuama, mbuzi waliojilalia kwenye ngazi, na wanafunzi waliokwenda kupiga picha za kumaliza shule kwa kuwa mjini hatuna ngazi nyingine za kupendeza. Uwanja wote unaitwa Bafuni. Ukipanda bodaboda unasema niteremshe Bafuni, na unateremshwa. Mimi niliamini kuwa jina hilo lilitokana na maji yanayojaa pale wakati wa masika, na nimewaeleza hivyo wageni wengi bila kuulizwa.

Mambo yalianzia Ruangwa, kwenye harusi ya upande wa mke wangu. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti kama kawaida. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu mwenye duka karibu na stendi ya mabasi, alisimama kutoa neno la familia. Badala ya kuwaombea maharusi akaanza kuisifu Ruangwa yao, lami, taa za barabarani, mabasi ya Dar es Salaam yanayogombania abiria. Halafu akanigeukia. Akasema amesikia kamati ya soko ya Nachingwea inataka kumvunja samaki wao ili bajaji zipate pa kuegesha, na akaomba wakishamvunja wasimtupe, wampeleke Ruangwa akaangwe. Watu walicheka mpaka bibi harusi akafunua shela aone kuna nini.

Mtu mwenye busara angecheka na wenzake na kuomba muziki wa kwaito upigwe. Mimi nilikohoa. Nikatangaza mbele ya ukumbi mzima kuwa chemchemi ya Nachingwea ina historia kubwa ambayo wenye miji ya juzi juzi hawawezi kuielewa, na kwamba siku ya mkutano wa kuamua habari ya samaki nitaisoma mimi mwenyewe, na shemeji anakaribishwa kwa nauli yangu. Nilishangiliwa sana. Historia yenyewe nilikuwa siijui hata mstari mmoja.

Niliporudi nyumbani habari zilikuwa zimeshatangulia. Mwenyekiti wa mtaa alinifuata dukani kwangu, ambako natoa nakala na kupiga picha za pasipoti siku zisizo na harusi, akanieleza hali ilivyo. Wanaotaka kuvunja ni wengi. Mkutano ni Ijumaa baada ya swala, pale pale uwanjani. Kama kuna mtu ana neno la kuwafanya wasite, alilete siku hiyo, la sivyo Jumamosi nyundo zinaanza. Aliniangalia kwa matumaini kidogo. Nikamwambia aende akalale usingizi.

Nikaanza kuzunguka kwa wazee. Kila niliyemuuliza alitaka kwanza kujua mimi ni mjukuu wa nani. Nilipomtaja babu yangu wa kijiji cha Chiola, mzee alinitazama usoni, akashika ndevu, akasema habari hizo zipo kwa bibi wa nyumba inayotazama uwanja, yeye ndiye anayezijua. Wote walinipeleka kwa huyo huyo, na wote walikuwa na tabasamu fulani wanalozuia lisitoke. Nilidhani ni heshima kwa ukoo wetu.

Bibi mwenyewe nilimfahamu kwa macho tangu utotoni. Alikuja huku kutoka upande wa Songea akiwa mke kijana, na marehemu mume wake ndiye aliyekuwa mlinzi wa ile chemchemi na mfunguaji wa maji yake, enzi yakiwepo. Watoto wake wametawanyika, mmoja Masasi, wengine Songea. Yeye amebaki barazani kwake, uso kwa uso na samaki, anachagua kunde kwenye ungo. Nilipomwambia nimekuja kwa ajili ya kuokoa chemchemi, mikono ilisimama kwenye ungo. Alisema ameyasikia ya hao watu wa bajaji. Alisema mumewe alimpangusa yule samaki kwa kitambaa kila Alhamisi mpaka magoti yakamgomea, na kama watamvunja basi wamfunike na yeye kitambaa usoni asione. Hakuwa anatania. Ni sentensi pekee ya kweli niliyoipata siku hiyo, na ndiyo ambayo sikuirekodi, kwa sababu nilikuwa bado natafuta pa kubonyeza kwenye simu.

Hapa lazima nieleze kosa langu, maana si kila mtu ni wa huku. Mimi ni Mmwera. Bibi yule ni Mngoni. Mtu wa kusini aliyelelewa sawasawa anajua kuwa Mmwera na Mngoni wakikutana hawaanzi na shikamoo pekee. Wanaanza kunangana. Ni watani. Mababu zao walipigana na kuchomeana nyumba, kisha ugomvi ukageuzwa mzaha na mzaha ukawa na masharti yake. Mtani anaingia bandani kwako anachukua kuku na huna ruhusa ya kununa. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa, na anacheza na msiba wako kwa namna ambayo ndugu yako wa damu akithubutu atapigwa. Na ukimwendea kumuuliza jambo, unaanza kwa kumtukana kidogo, ili mjue kwamba mnajuana. Babu yangu alilijua hilo vizuri. Mimi nimekulia mjini, nimesoma, nina suti. Nikasema, "Shikamoo bibi," nikaweka simu juu ya kigoda, nikakohoa.

Bibi akaitikia marahaba. Akangoja. Sasa naelewa alikuwa anangoja nini, lakini siku ile nilidhani anakumbuka. Nikamuuliza kwa sauti ya kazini anieleze historia ya chemchemi hii tangu mwanzo wake. Akaniuliza babu yangu ni nani. Nikamtajia, na Chiola nikamtajia. Akakitazama kile kisimu, akanitazama mimi, akajifunga kanga vizuri, akaanza.

Nimesikia hotuba nyingi maishani, nyingine nimetoa mwenyewe, lakini sijasikia iliyonipendeza kama ile. Alisema uwanja huu ulikuwa vumbi tupu mpaka alipotokea fundi mmoja kutoka Chiola, mrefu, mkimya, mwenye mikono ya dhahabu. Fundi huyo ndiye aliyechagua mawe kule Ruponda jiwe kwa jiwe, akiyagonga kwa kidole na kuyasikiliza. Ndiye aliyemchonga samaki bila kielelezo, kwa kufumba macho. Siku ya ufunguzi maji yaliporuka, bwana mkubwa wa wilaya alivua kofia, akamkumbatia fundi mbele ya watu, na umati ukalia. Nilimuuliza bibi fundi huyo alikuwa nani, ingawa jibu nilishaliona linakuja. Akainamisha kichwa. "Mjukuu wangu," akasema, "ina maana nyumbani kwenu hawakukwambia?"

Nililia. Nilitoa kitambaa cha mfukoni, kile cha mapambo, nikalia barazani kwa mtu. Bibi akanipigapiga mgongoni kwa kiganja na kutazama pembeni, mabega yakimtetemeka. Nilidhani na yeye analia.

Usiku na mchana niliandika. Nilimpa babu kifua kipana na macho yanayoona mbali. Niliandika kuwa samaki anaitazama mbingu kama taifa linavyotazama kesho. Mke wangu aliposikiliza rasimu aliniuliza kama huyu ni babu yangu wa Chiola yule yule aliyelala na mlango ulioegemezwa gogo maisha yake yote kwa kushindwa kufunga bawaba. Nikamjibu kuwa watu wenye vipaji vikubwa huwa hawajali vitu vidogo. Akasema atampigia kaka yake asikose kuja.

Ijumaa ilifika. Turubai lilifungwa pembeni ya ngazi, na watu walijaa kuliko nilivyotegemea. Wenye bajaji walikaa upande mmoja wamekunja nne, wazee upande mwingine, na shemeji kutoka Ruangwa alikaa mbele kabisa akila karanga kutoka kwenye karatasi. Bibi hakuja chini ya turubai, miguu haimruhusu, lakini baraza lake lipo hatua chache tu na kipaza sauti changu kina nguvu. Nilimwona amesogeza mkeka mpaka ukingoni.

Nikakohoa, nikaanza. Sehemu ya vumbi la zamani ilipita salama. Fundi mkimya alipotokea kutoka Chiola, mzee mmoja alijishika tumbo. Nilipofika kwenye mawe ya Ruponda yaliyogongwa kwa kidole, wawili watatu walikuwa wameinama, nami nikapunguza mwendo ili uchungu uwaingie vizuri. Nikapandisha sauti. Nikasema fundi huyo, damu ya damu yangu, ndiye babu yangu mzaa baba, na nikamtaja kwa jina lake kamili.

Nilichosikia hakikuwa kilio. Safu nzima ya wazee ilipasuka. Mmoja aliteleza kwenye kiti. Mwingine alikuwa anapiga ngazi za zege kwa bakora na kuomba mtu amshike. Nilisimama na karatasi yangu mkononi, nikijaribu kutabasamu kama mtu anayejua kinachochekesha. Hatimaye fundi cherehani wa zamani, mzee anayeheshimika sana pale sokoni, alijifuta machozi akainuka. Akaniuliza habari hizi nimezipata wapi. Nikanyoosha mkono kuelekea barazani kwa bibi. Akaniuliza tena, kwa upole, "Kijana, yule si ni mtani wenu? Ulimtania kwanza, au ulimpelekea simu?"

Halafu akaieleza yeye historia, na wenzake wakawa wanamjaziajazia. Chemchemi ilijengwa miaka ya mwanzo ya uhuru na bwana mkubwa mmoja aliyeona kitu kama hicho kwingine na kukitamani. Waliochanganya zege walikuwa wengi na hakuna aliyekumbatiwa. Siku ya ufunguzi watu waliitwa kutoka kila kijiji. Babu yangu alitoka Chiola kwa miguu kuja mnadani, hana habari ya sherehe, ana vumbi mwili mzima na mche wa sabuni alioununua njiani. Akafika uwanjani wakati maji ndiyo kwanza yanaruka. Akayatazama yale maji mazuri, yanapanda juu na kumwagika bure, na hakuna mtu anayeyafanyia chochote. Bwana mkubwa alikuwa katikati ya hotuba. Babu akavua shati, akabaki na kaptula, akapanda ngazi, akaanza kuoga.

Aliyemkamata alikuwa mlinzi, mume wa bibi. Alimtoa akiwa na povu mpaka masikioni. Wakubwa walitaka afungwe, lakini mlinzi alimuuliza kabila, akagundua ni mtani wake, akaomba wamwachie yeye. Alimtoza faini ya jogoo, akamfokea mbele za watu kwamba Wamwera hawajui hata kutofautisha maji ya kuoga na ya kutazama. Tangu siku hiyo wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Na uwanja ukaitwa Bafuni.

Basi. Nimekaa mjini humu zaidi ya miaka hamsini, nimeteremka Bafuni mara zisizohesabika, nimewaeleza wageni habari za masika, na wazee wote wakinipita walikuwa wanaona povu la babu yangu. Shemeji alikuwa ameacha kula karanga. Alikuwa anacheka bila sauti, mdomo wazi, machozi yanadondoka kwenye karatasi. Mimi sikuwa na hasira bado. Nilikuwa nimenywea tu, na nilijua pia nimemponza bibi wa watu, maana nani angeokoa chemchemi kwa sababu mtu mmoja aliogea ndani yake? Niliweka kipaza sauti chini, nikavuka uwanja kwenda barazani, na hasira zilinikuta katikati ya njia.

Bibi alikuwa amejifunika kanga mdomoni. Nikamwambia, "Bibi, umenivua nguo mbele ya mashemeji zangu."

"Babu yako alizivua mwenyewe," akasema.

Nikamuuliza kwa nini. Yeye ndiye aliyetaka samaki asivunjwe. Yeye ndiye aliyesema wamfunike kitambaa asione. Nimekuja kumsaidia, akanipa uongo niusome kwenye kipaza sauti. Nilisema mengi, na niliyasema kwa sauti ya mkutanoni ingawa tulikuwa wawili. Aliniacha nimalize. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

Akanieleza siku ya kumzika mumewe. Watu walikuwa wamejaa pale pale barazani, yeye ndani hajala wala hajasema neno tangu mauti yatokee. Babu yangu akaja kutoka Chiola, mzee tayari, anajikongoja. Alifika mlangoni kwa waosha maiti akatoa mche wa sabuni kwenye mfuko wa kanzu. Akasema kwa nguvu kila mtu asikie kwamba huyu Mngoni alimkatisha kuoga siku ile akiwa na povu, kwa hiyo amemletea sabuni, aoge yeye kwanza hadi amalize, wasije wakasema huko aendako Wangoni ni wachafu. Nyumba nzima ilicheka. Yeye alicheka akiwa ndani, na alipocheka ndipo machozi yalipotoka, na machozi yalipotoka ndipo alipoweza kunywa uji.

"Tangu babu yako atangulie, hapa nasalimiwa tu," akasema. "Shikamoo bibi, marahaba, wamepita. Ukaja wewe, uso ule ule wa yule mtu. Nikasema leo nimepata mtani. Ukanitolea simu." Akaurudia ungo wake, akachagua kunde mbili tatu, akazirudisha. "Mimi nikifa, wanangu watalia tu. Nani atawachekesha?"

Mimi kazi yangu ni kusema. Sikukohoa hata. Niliona aibu, si ile ya turubai, bali nyingine iliyo nzito zaidi, na nilimpenda bibi yule ghafla kama mtu wa nyumbani kwetu. Nikajua pia kuwa maneno ya pole ndiyo yatakayomuumiza. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Pale bandani palikuwa na jogoo mwekundu. Nilimkimbiza kwa suti ya kijivu na viatu vya kung'aa, nikaanguka mara moja kwenye majivu, nikamkamata. Nilipotokea mbele naye kwapani, nikamwambia bibi kwamba Wangoni hawajui hata kufuga, kuku mwenyewe amekonda, lakini nitamla hivyo hivyo kwa kumhurumia. Bibi akapiga kelele. Aliniita mwizi mtoto wa mwizi, akaita majirani waone, akalaani ukoo wetu wote hadi Chiola, na uso wake ulikuwa unang'aa.

Nilipita na jogoo katikati ya mkutano kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Wazee walinipigia makofi, kwa mara ya kwanza siku ile kwa jambo nililolifanya sawasawa. Na hapo nikakuta mjadala umebadilika. Shemeji yangu alikuwa amesimama. Alikuwa anasema, kwa utani wake ule ule wa harusini, kwamba yeye alidhani samaki huyu ni saruji tu, kumbe ana mambo, na kama watu wa Nachingwea hawamtaki, Ruangwa itatuma lori kesho asubuhi imchukue na sehemu yake ya kuogea.

Alitaka kuchekesha. Lakini neno Ruangwa likitajwa pale uwanjani halichekeshi mtu. Dereva wa bajaji aliyekuwa mstari wa mbele kudai nyundo alisimama akasema samaki haendi popote. Mwingine akasema abiria wote wanajua Bafuni, pakivunjwa watawaambia wanateremka wapi. Mwenyekiti, ambaye nadhani hakuamini bahati yake, alifunga mkutano haraka kabla watu hawajapoa. Wakakubaliana kuwa baada ya korosho kuuzwa kila mtaa utachangia pampu. Mpaka leo shemeji anadai jina lake liandikwe pale kwenye zege, na mimi nadai alipe nauli yangu niliyomtumia.

Siku maji yaliporudishwa nilipewa tena kipaza sauti, kwa sharti la mwenyekiti kwamba nisisome kitu. Bibi aliletwa kwa bajaji kutoka ng'ambo ile ya uwanja, safari fupi kuliko kuipanda na kuishuka, akakalishwa kwenye kiti mbele. Fundi akafungua. Samaki akakoroma, akatema tope, akatema kitu kilichofanana na soksi, kisha maji yakatoka. Hayakupanda sana. Kwa kuwa mdomo umemeguka upande mmoja, yalitoka ubavuni na kuwalowesha viongozi wa kamati ya soko. Watu walishangilia kama vile ndivyo ilivyopangwa.

Nilikuwa nimeanza kuwashukuru wageni nilipomwona bibi amenyoosha mkono. Alikuwa ameshika mche wa sabuni, mrefu, mpya, umefungwa kwenye kipande cha kanga. Alinyoosha tu mkono kuelekea kwangu, akangoja, kama alivyoningoja siku ile barazani.

Nilijua maana yake, na nilijua pia shemeji ana simu mkononi na Ruangwa yote itaona. Niliitazama suti. Nikavua koti, nikalikunja, nikampa mke wangu. Nikavua viatu na soksi. Nikapanda ngazi na shati langu jeupe na tai, nikaingia chini ya yale maji. Yalikuwa ya baridi na yalinuka chuma. Nikaanza kupaka sabuni mikononi, polepole, kistaarabu, kama mtu anayenawa kabla ya chakula.

"Si hivyo," bibi akasema. "Babu yako alianza na kichwa."

Nikaanza na kichwa.

Picha zipo kwenye simu za watu mpaka Lindi, na harusi zimeongezeka, ingawa wengine wananikodi ili waone kama nitavua koti. Ile sabuni haikuisha. Kipande kilichobaki nilikikausha, nikakifunga kwenye kile kile kitambaa cha kanga, nikakiweka mfuko wa ndani wa suti ya kijivu. Mke wangu aliuliza ni cha nini, nikamwambia ni cha kazi. Alinielewa, akarudisha koti kabatini.

Bibi bado yupo barazani na kunde zake. Kila nikipita ananiita mwizi wa jogoo, namwita Mngoni mchafu, kisha anauliza kama sabuni yake ipo. Namjibu kuwa ilikwisha zamani, niliimalizia kufulia soksi. Anacheka mpaka kanga inamdondoka begani, anasema Wamwera hawafai kupewa kitu wakutunzie.

Nikifika nyumbani nafungua kabati, natia mkono kwenye mfuko wa koti. Ipo.